UZI MAALUMU: Fumbo la maneno la gazeti lenye mada, namna ya kulifumbua na namna ya kulijenga kwa Kiswahili

#1 Penseli ya Ilala (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Wengi wetu tunafungua fumbo la maneno (crossword) la gazeti la New York Times kwenye simu, tunakutana na madokezo ya wachezaji wa besiboli na waigizaji wa Hollywood wa zamani, tunalifunga na haturudi tena. Uzi huu ni kwa ajili ya wanaokata tamaa hapo. Fumbo lile halimtaki mtu aliyekulia Marekani. Linamtaka mtu anayejua limejengwaje, na zaidi ya yote anayejua kuisaka mada yake, yaani kanuni moja inayoyaunganisha maneno yake marefu. Mada ikishapatikana, hata neno ambalo hujawahi kulisikia unaliandika kwa uhakika.

Tuanze na jedwali. Jumatatu hadi Jumamosi lina visanduku 15 kwa 15, Jumapili 21 kwa 21. Ukiligeuza juu chini, visanduku vyeusi vinavyotenganisha maneno vinakaa vilevile. Hakuna neno la herufi mbili. Na kila herufi imo ndani ya maneno mawili, moja la mlalo na moja la wima. Hili la mwisho ndilo la kushika. Mafumbo ya mtindo wa Kiingereza cha Uingereza yana herufi nyingi zilizo kwenye neno moja tu, kwa hiyo neno usilolijua linakuachia matundu. Kwenye jedwali la Kimarekani neno usilolijua linajazwa na majirani wake, nawe unalisoma likiwa limekamilika.

Kuhusu siku: Jumatatu ni rahisi, ugumu unapanda kila siku, Jumamosi ndiyo ngumu kuliko zote. Alhamisi ni siku ya vituko. Unaweza kukuta herufi tatu nne zimebanwa kwenye kisanduku kimoja, au neno linasomwa kinyumenyume. Ijumaa na Jumamosi kwa kawaida hazina mada. Jumapili ni kubwa kwa eneo, lakini ugumu wake ni wa katikati ya wiki. Anayeanza akae na Jumatatu mpaka aizoee, ndipo aende Jumanne. Kuanza na Jumapili kwa sababu ndiyo yenye sifa ni kujitesa bure.

Madokezo yana adabu yake. Dokezo likiwa la wingi, jibu ni la wingi. Kitenzi kikiwa cha wakati uliopita, jibu nalo ni hivyo hivyo. Dokezo likibeba kifupisho, jibu ni kifupisho. Likitaja Paris au Madrid bila sababu ya wazi, jibu ni la Kifaransa au Kihispania. Likiwa ndani ya alama za kunukuu, jibu ni kauli nyingine yenye maana hiyo hiyo mdomoni mwa mtu. Likiishia na alama ya kuuliza, kuna mchezo wa maana ndani yake. Kwa Kiswahili ningeandika hivi: "Ina mikono, haina vidole?", jibu KANZU. Sisi tuliotegewa vitendawili tangu utotoni hatuna sababu ya kuiogopa ile alama.

Kuna pia maneno mafupi yanayorudi kila mara kwa sababu yana vokali nyingi na watunzi hawawezi kuishi bila hayo: ALOE, AREA, ERA, OREO ambayo ni biskuti, EPEE ambao ni upanga wa michezo, ETUI ambacho ni kikasha cha sindano. Yajifunze hayo kama unavyojifunza mitaa ya mji mgeni. Na kwetu pia wametembelea sana. IDI na AMIN ni wageni wa kudumu wa jedwali lile, OKAPI wa misitu ya Kongo, ELAND (pofu), GNU (nyumbu), SAFARI, SIMBA, UHURU, BWANA. Mmarekani anayekwama kwenye UHURU wewe unapita bila hata kusimama.

Karibuni maswali.

#2 Mtu wa Sirari

Mkuu, asante kwa uzi. Swali langu: hiyo mada naionaje wakati sijajaza hata neno moja? Mimi naanza namba 1 mlalo, nashuka na orodha, nikifika la nne nimeshakwama.

#3 Penseli ya Ilala

Ndugu yangu, orodha usiifuate kwa namba. Pitia madokezo yote upesi ukitafuta yale ya kujaza nafasi iliyo wazi, yaani yenye mstari mtupu ndani ya sentensi. Hayo ndiyo mepesi siku zote. Ukipata moja, baki hapo hapo, fanya yanayolikata, jenga kona. Kona iliyojaa nusu ina faida kuliko maneno kumi yaliyotawanyika jedwali zima, kwa sababu yaliyotawanyika hayasaidiani.

Kisha angalia maneno marefu zaidi ya mlalo. Hayo ndiyo ya mada, kwa kawaida matatu hadi matano, na yamekaa kwa jozi: likiwepo la herufi 13 juu kushoto, lipo la herufi 13 chini kulia. Mara nyingi kuna pia neno moja, katikati au karibu na mwisho, ambalo dokezo lake linataja mengine kwa namba, kwamba hili ndilo linaloyaunganisha. Naliita neno la ufunguo. Lisome mapema hata kama huwezi kulijibu, maana angalau litakuambia maneno ya mada ni yapi.

Ukishapata neno moja la mada, simama. Usikimbilie lingine. Jiulize lina nini cha ajabu. Limeongezwa herufi? Limepunguzwa? Linaficha neno jingine tumboni? Neno lake la kwanza linaweza kuwa na maana ya pili? Neno moja likikupa dhana tatu, la pili litazichuja zibaki moja. Kuanzia hapo kazi inageuka: hutafuti tena jibu la dokezo, unatafuta neno lenye urefu fulani linalotii kanuni unayoijua. Ndiyo maana nasema mada inamsaidia mgeni kuliko mwenyeji. Mwenyeji anajua majina ya waigizaji, wewe unajua kanuni, na kanuni haihitaji uwe umeangalia televisheni ya Marekani.

#4 Dada wa Mikindani

Nimeipenda hii. Kaka, hili fumbo lilianza lini na nani alilianzisha? Na hilo gazeti lilikuwa nalo tangu mwanzo?

#5 Penseli ya Ilala

Dada, lilianza kwingine kabisa. Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool aliyehamia Marekani, alilichapisha kwenye gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, katika nyongeza ya burudani. Jedwali lake lilikuwa na umbo la almasi, halikuwa na visanduku vyeusi, na neno FUN lilikuwa limeshawekwa tayari. Mwaka 1924 Simon & Schuster, ambao ndio kwanza walikuwa wanaanza uchapishaji, walitoa kitabu cha mafumbo kikiwa na penseli yake, na nchi nzima ikashikwa.

New York Times wenyewe mwaka huo huo wa 1924 waliandika kwamba ni upotezaji wa muda, na walishikilia msimamo huo miaka mingi. Kilichowabadilisha ni vita. Baada ya Pearl Harbor, kambi ya wanamaji ya Marekani, kushambuliwa Desemba 1941, wahariri waliona wasomaji watahitaji kitu cha kushughulisha akili saa za giza na wasiwasi. Fumbo la kwanza la Jumapili likatoka tarehe 15 Februari 1942, na la kila siku likaanza mwaka 1950. Mhariri wa kwanza alikuwa Margaret Farrar, aliyekaa mpaka 1969, na sehemu kubwa ya adabu niliyoieleza hapo juu ni kazi ya mikono yake. Akafuata Will Weng, kisha Eugene Maleska, na tangu 1993 ni Will Shortz, ambaye chuo kikuu cha Indiana kilimruhusu ajiundie shahada ya elimu ya mafumbo. Yeye ndiye aliyefungua mlango wa lugha ya kila siku, majina ya bidhaa na muziki wa vijana.

#6 Kijana wa Kahama

Wakuu, hapo kwenye vita niongeze. Uingereza mwaka 1944, wiki chache kabla ya majeshi ya Washirika kutua Normandy, pwani ya Ufaransa, fumbo la Daily Telegraph lilitoa majibu UTAH, OMAHA, OVERLORD, MULBERRY na NEPTUNE. Yote yalikuwa majina ya siri ya operesheni ile! Mtunzi, Leonard Dawe, alikuwa mwalimu mkuu wa shule. Maofisa wa usalama wa MI5 walikwenda kumhoji. Hawakumkuta na kosa.

#7 Mtu wa Sirari

Duh. Mwalimu mkuu anahojiwa kwa ajili ya chemsha bongo.

Mkuu Penseli, mada inaweza kufika mbali kiasi gani? Maana hapo juu umetaja kuongeza herufi na kuficha maneno. Ndiyo basi?

#8 Penseli ya Ilala

Hapana, na nilikuwa nangoja swali hili. Nikueleze fumbo la tarehe 5 Novemba 1996, siku ya uchaguzi wa rais wa Marekani, Bill Clinton dhidi ya Bob Dole. Mtunzi alikuwa Jeremiah Farrell, profesa wa hisabati wa Butler University.

Katikati ya jedwali kulikuwa na maneno mawili, na dokezo likasema: habari kuu ya gazeti la kesho. Neno la pili lilikuwa ELECTED, amechaguliwa. Neno la kwanza lilikuwa na visanduku saba. Gazeti limechapishwa kabla ya kura kuhesabiwa. Walioandika CLINTON walipiga simu kulalamika kwamba mhariri anapendelea upande mmoja. Walioandika BOBDOLE walipiga simu kuuliza gazeti limekosea vipi jambo kubwa namna hiyo.

Wote walikuwa sahihi. CLINTON ina herufi saba na BOBDOLE ina herufi saba, na kila neno la wima lililokata vile visanduku saba lilipewa dokezo linalokubali majibu mawili. Kisanduku cha kwanza: mnyama mweusi wa sikukuu ya Halloween. Paka, CAT, inakupa C ya Clinton. Popo, BAT, inakupa B ya Bob. Cha pili: neno la somo la kwanza la Kifaransa. LUI inakupa L, OUI inakupa O. Cha mwisho: vifupisho vinavyobishaniwa sana katika siasa. NRA, chama cha wenye bunduki, inakupa N. ERA, marekebisho ya katiba kuhusu haki sawa, inakupa E. Vivyo hivyo vyote saba.

Lifikirie hilo polepole. Mtunzi ametafuta jozi saba za maneno yanayotofautiana herufi moja tu, na kila jozi ikapata dokezo moja la haki kwa pande zote mbili, halafu jedwali zima likafungwa kwa namna ambayo lilikuwa kweli tarehe 5 na likabaki kweli tarehe 6 yeyote angeshinda. Shortz amelitaja kuwa fumbo analolipenda kuliko yote. Mimi naliweka pamoja na kazi za sanaa, silioni kama mchezo wa kupitishia muda kwenye daladala.

#9 Mwalimu Mstaafu

Vijana, nimewasoma wote kwa makini. Mmenifurahisha.

Nina swali kwa mwanzisha uzi. Chemsha bongo za Kiswahili tunazozijua ni za maswali mchanganyiko: mji mkuu wa nchi fulani, kinyume cha "panda", na kadhalika. Mada hakuna. Je, fumbo la Kiswahili lenye mada ya namna hii, yenye kitu kimefichwa na neno la ufunguo, linawezekana? Au lugha yetu inakataa?

#10 Penseli ya Ilala

Shikamoo mwalimu. Hilo ndilo lililo moyoni mwangu. Nina hakika linawezekana, na ningependa tulijenge hapa hapa, sote.

Napendekeza mada ya maneno yanayoficha wanyama. Lakini tuweke masharti makali kama ya wenzetu. Mnyama awe ndani ya neno, kichwa na mkia vimezibwa, yaani awe na herufi mbele na nyuma yake. Neno lenyewe lisihusiane na mnyama huyo. Na maneno yawe na jozi za urefu sawa, ili jedwali likubali kugeuzwa. Naanza na MSIMBAZI. Mtaa wa Kariakoo, mto wa Dar es Salaam, na ndani yake SIMBA amelala. Herufi 8.

#11 Dada wa Mikindani

KUKUMBUKA! Kuku yumo.

#12 Penseli ya Ilala

Dada, kuku wako kachungulia, yuko mwanzoni mwa neno, hana herufi ya kumziba mbele. Masharti hayamruhusu. Lete mwingine.

#13 Kijana wa Kahama

OFISINI. FISI ofisini, wakuu, na kazibwa pande zote. Herufi 7.

#14 Mtu wa Sirari

Mimi nakaa mpakani, kumbe siku zote naishi na paka. MPAKANI, herufi 7. Dokezo: "Tunduma, Namanga au hapa kwetu Sirari". Jozi ya OFISINI imepatikana.

#15 Dada wa Mikindani

Sasa sikilizeni. KIBATARI. Ki-BATA-ri. Herufi 8, jozi ya Msimbazi. Dokezo: "Koroboi kwa jina jingine". Bibi yangu alikuwa akisomea nacho Kurani usiku.

#16 Kijana wa Kahama

Ninalo pia KUMBWAGA, kumwangusha mtu chini kwenye mieleka, MBWA yumo katikati. Herufi 8.

#17 Penseli ya Ilala

Kahama, zuri sana, lakini tuna mawili ya herufi 8 tayari na la tatu halina mwenzake. Liweke akiba.

Dada, KIBATARI ni lulu. Na tazameni kilichotokea: simba na fisi ni wa porini, paka na bata ni wa nyumbani. Tuwaweke wa porini juu na wa nyumbani chini. Jedwali liwe 11 kwa 11. Mistari naihesabu kutoka juu, safu za wima kutoka kushoto. Mstari wa 2: MSIMBAZI, safu ya 1 hadi ya 8. Mstari wa 4: OFISINI, safu ya 5 hadi ya 11. Mstari wa 8: MPAKANI, safu ya 1 hadi ya 7. Mstari wa 10: KIBATARI, safu ya 4 hadi ya 11. Ukiligeuza juu chini, kila neno linakaa mahali pa mwenzake.

Mstari wa 6, katikati, ni wa neno la ufunguo. Nilifikiria WAMEJIFICHA, herufi 11, ukingo mpaka ukingo. Mwanzoni lilinipa raha kubwa: shuka safu ya 7 kuanzia F, unapata F, nafasi, I ya mpakani, nafasi, A ya kibatari. FAIDA! Imeingia yenyewe. Lakini ulinganifu unadai neno la jozi kwenye safu ya 5, na neno hilo linasomeka B, nafasi, O, nafasi, J. Neno la Kiswahili linaloishia na J. Halipo. Nimekwama hapo.

#18 Mwalimu Mstaafu

Marahaba, mwanangu. Ondoa kitenzi, weka mahali. MAFICHONI.

#19 Penseli ya Ilala

Mwalimu! MAFICHONI ina herufi 9, inakaa safu ya 2 hadi ya 10, katikati sawasawa. Nimejaribu sasa hivi. Safu ya 7 inaanza na H: H, nafasi, I, nafasi, A. HAIBA. Safu ya 5 inaishia na I: B, nafasi, O, nafasi, I. BAONI, mahali kete zinapochezwa. Yote mawili herufi 5, yote mawili Kiswahili safi, na yamekaa kwa ulinganifu kamili. Na maana ya neno la ufunguo imekuwa bora zaidi, maana dokezo lake sasa ni "Waliko wanyama wanne wa fumbo hili". Asante sana.

#20 Mwalimu Mstaafu

Kabla hujaendelea, tafakari jambo hili. Umesema jedwali la Kimarekani linataka kila herufi iwe ndani ya maneno mawili. Karibu maneno yetu yote huishia na vokali. Basi angalia safu ya mwisho kulia. Kila mstari unaishia hapo, kwa hiyo kila herufi ya safu hiyo lazima iwe vokali. Lakini safu hiyo nayo ni neno la wima! Utapata wapi maneno ya vokali tupu? AUA, UA, OA, halafu? Na mstari wa mwisho chini ni vivyo hivyo, maana kila neno la wima linaishia pale.

#21 Penseli ya Ilala

Mwalimu, nimesimama nikalichora upya. Ni kweli tupu, na si kingo peke yake. Juu ya kila kisanduku cheusi kuna neno la wima linaloishia, na kushoto kwa kila kisanduku cheusi kuna neno la mlalo linaloishia. Kila pahali hapo panadai vokali. Kiingereza kina maneno yanayoishia na S, T, D, R, N, ndiyo maana jedwali lililojaa linawezekana kwao. Kwetu jedwali lililojaa kabisa litakuwa AUA na OA kila kona, nalo halitampendeza mtu.

Kwa hiyo natoa hukumu yangu, na anayepinga alete hoja: Kiswahili kichukue mada kutoka kwa Wamarekani na jedwali kutoka kwa Waingereza. Tutumie jedwali la kimia, ambamo maneno ya mlalo yako kwenye mistari ya shufwa tu na ya wima kwenye safu za witiri tu. Neno linaweza kukatwa kwenye herufi moja na kurukwa inayofuata, na zilizorukwa zinabaki huru. Ukingo wa kulia unapumua. Na bahati iliyoje, mistari yetu mitano ya mada ni 2, 4, 6, 8 na 10, na BAONI na HAIBA ziko safu ya 5 na ya 7. Hatubomoi chochote.

Nimeendelea. Ukingo wa kushoto, safu ya 1 kutoka juu: UMOJA, ambayo M yake ndiyo ya MSIMBAZI. Chini yake, kuanzia mstari wa 7: AMANI, ambayo M yake ni ya MPAKANI. Ukingo wa kulia juu: REDIO, ikishika I ya mwisho ya OFISINI. Kulia chini: TABIA, ikishika I ya mwisho ya KIBATARI. Kama tungekuwa na jedwali lililojaa, R na T pale mwanzoni zingezuiwa. Kwenye kimia zimekaa kwa amani.

#22 Mtu wa Sirari

Mkuu, lakini ukiacha herufi huru si unarudi kwenye yale matundu uliyoyasema #1? Neno usilolijua unabaki nalo.

#23 Penseli ya Ilala

Swali zuri, na linaonyesha kwa nini mada kwetu ni muhimu kuliko hata kwao. Herufi zilizokatwa zitakuwa karibu nusu, nusu nyingine lazima itoke kwenye maana. Chukua MPAKANI. Mfumbuaji ana M kutoka AMANI na I kutoka HAIBA, basi. Dokezo likimshinda, hana kitu. Lakini akishapata FISI ndani ya OFISINI na SIMBA ndani ya MSIMBAZI, anajua anatafuta neno la herufi 7, linaanza na M, linaishia na I, na ndani mna mnyama. Silabi zetu ni za wazi, wanyama wetu wengi ni wa silabi mbili, kiambishi cha mahali -NI kinajulikana. Atajaribu, na paka atatoka. Mada ndiyo inayoziba lile tundu ambalo jedwali limeliacha.

Kuna na upatanisho wa ngeli. Dokezo likisema "kinawaka" badala ya "inawaka", mfumbuaji ameshapewa KI- ya kibatari bila kukatwa na neno lolote. Kiingereza hakina zawadi hiyo. Mtunzi wa Kiswahili anaweza kuitoa Jumatatu na kuificha Jumamosi, na hapo ana kipimo cha ugumu cha kwake mwenyewe.

#24 Dada wa Mikindani

Na CH mmeiweka visanduku viwili. Kwenye MAFICHONI, C peke yake na H peke yake. Mtoto wa shule hatauliza?

#25 Penseli ya Ilala

Dada, viwili. Ukiweka CH kisanduku kimoja, MAFICHONI inakuwa ya nane na katikati inaharibika, lakini hiyo siyo sababu kubwa. Sababu kubwa ni kwamba utalazimika kufanya vivyo hivyo kwa SH, NY, TH, DH, GH na NG', na mfumbuaji hatajua tena kuhesabu. Herufi moja, kisanduku kimoja, na ritifaa ya NG' tusiipe kisanduku. H ile tena ndiyo iliyotupa HAIBA.

#26 Mwalimu Mstaafu

Naunga mkono.

#27 Penseli ya Ilala

Sasa palipobaki. Kushoto juu, mstari wa 4, J ya UMOJA imetupa JUA. Kutoka hapo safu ya 3 kuanzia juu inasomeka: nafasi, I ya Msimbazi, nafasi, A ya jua, nafasi, A ya mafichoni. KIJANA. Limeingia bila kusukumwa.

Jozi yake ndiyo inayonikaba. Ni safu ya 9, mstari wa 6 hadi wa 11, herufi sita. Ya kwanza N ya MAFICHONI, ya tano A ya KIBATARI. Ya tatu ndiyo inayoanzisha neno la herufi tatu la mstari wa 8, ambalo linaishia na A ya TABIA, kwa hiyo PUA, DUA, NIA, yoyote ya namna hiyo. Likikosekana kabisa tutafupisha KIJANA na kutafuta jozi fupi, lakini nisingependa kumpoteza.

N, nafasi, nafasi, nafasi, A, nafasi. Wenye kamusi mkononi, fungueni herufi N.

#28 Kijana wa Kahama

Naanza na NY-. Nipeni mpaka jioni.